Barua ya wazi kwa wenye viwanda wa Mombasa: "Toa mzigo, karatasi itafuata"

Kwa wakurugenzi, mameneja wakuu na wakuu wa fedha wa viwanda vya Changamwe, Miritini, Jomvu na Shimanzi

Waheshimiwa,

Baada ya salamu, nawaandikia kama mtu aliyekaa nyuma ya kaunta ya stoo kwa miaka 22, kiwanda hiki na kile, ng'ambo hii ya Makupa. Nimestaafu. Siku hizi asubuhi nakunywa kahawa tungu barazani Mikindani, natazama malori yakipanda kwenda bara, na macho yangu bado yanahesabu magunia bila kutumwa na mtu. Ni ugonjwa wa kazi, haujanitoka.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini mimi sijapata kuona kiwanda kisicho na daftari. Kila stoo niliyofanya kazi ilikuwa na leja, ilikuwa na kadi zimening'inia kwenye kila rafu, na mwishoni ikawa na kompyuta. Mali ikapotea vilevile. Ilipotea daftari likiwa wazi mezani, limeandikwa kwa mwandiko mzuri na kutiwa sahihi na watu watatu. Kwa hiyo nililo nalo ni neno moja tu, nalo ni zito kidogo kumwambia mkubwa: daftari la stoo halianzi kudanganya stooni. Linaanza siku mmoja wenu anapopiga simu na kusema, "Toa mzigo, karatasi itafuata."

Nitawapa kisa changu. Kiwanda sikitaji wala watu siwataji, wengine wametangulia mbele ya haki.

Tulikuwa tunatengeneza sabuni ya miche. Kila Desemba, kiwanda kikifungwa kwa sikukuu, tulihesabu stoo nzima. Mwaka huo kitabu kilisema tuna mifuko 412 ya kostiki soda, ile kemikali kali ya kutengenezea sabuni. Chini sakafuni palikuwa na 371. Tukahesabu mara ya pili, ikatoka ileile. Mara ya tatu tulishusha mifuko yote tukaipanga upya, kumi kumi, usiku, jasho linatiririka na vumbi la kostiki linachoma shingo. Ikawa 371. Mifuko 41 ilikuwa haipo, na kila mfuko ni kilo 25. Hiyo ni kilo 1,025.

Tani moja haitoki getini ndani ya soksi. Lazima ipande gari, na gari lazima lipite kwa askari. Swali la kwanza lilitakiwa kuwa: gari gani, siku gani? Lililoulizwa ni: ufunguo anao nani? Ufunguo nilikuwa nao mimi.

Nilikatwa mshahara miezi minne, kuanzia Januari, mwezi ambao kila mzazi wa Mombasa anajua ulivyo, karo na sare na vitabu. Mama watoto hakuniuliza neno. Akaanza kuamka saa kumi za usiku kukaanga mahamri ya kuuza. Majirani wakaelewa bila kuambiwa, na hilo liliniuma kuliko fedha.

Mwezi wa sita meneja mmoja akahamishwa, tukatumwa kubeba meza yake. Chini kabisa ya droo palikuwa na kipande cha pakiti ya sigara kimeandikwa kwa kalamu: kostiki mifuko 30, jina la kiwanda jirani, tarehe ya Agosti ya mwaka uliopita. Nilisimama na lile karatasi mkononi mpaka mwenzangu akaniita mara mbili.

Ilikuwa hivi. Jirani alikwama usiku, akampigia meneja wetu, meneja akampigia askari wa zamu, stoo ikafunguliwa kwa ufunguo wa dharura, mifuko 30 ikapakiwa. Ni ujirani mwema, silaumu. Oktoba jirani akairudisha yote, tena kwa karatasi safi ya delivari. Mimi, nisiyejua kwamba iliwahi kutoka, niliipokea kama mzigo mpya na kuiongeza kitabuni. Kwa hiyo mifuko 30 ilikuwa palepale stooni siku zote nilizokatwa mshahara. Ilirudi mahali pake. Kilichokosekana ni karatasi ya kutoka.

Bado 11. Sita ilinyeshewa wakati wa masika, paa lilipovuja upande wa magharibi. Kostiki hunyonya maji kama sifongo. Mfuko ukishalowa, ndani yake una uji unaochoma. Msimamizi akasema tupeni, vibarua wakatupa, hakuna aliyeandika kwa sababu hakukuwa na karatasi ya kuandikia mali iliyoharibika. Mitano ya mwisho haikuwahi kuingia. Dereva alileta karatasi ya mifuko 200, ilikuwa Ijumaa karibu na adhana, tukahesabu kwa macho tukatia sahihi. Miezi kadhaa baadaye tulikuja kugundua kwamba muuzaji yule alikuwa na tabia hiyo.

Nilirudishiwa fedha za ile 30. Kuhusu ile 11 niliambiwa tusahau yaliyopita. Sikuijua Sheria ya Ajira ya 2007 wakati ule. Kifungu chake cha 19 kinamruhusu mwajiri kumkata mfanyakazi kwa mali iliyopotea ikiwa hasara imetokana na kosa la makusudi la mfanyakazi huyo. La makusudi. Kushika ufunguo si kosa la makusudi.

Sasa sikilizeni nilichojifunza baada ya hapo, maana hapa ndipo mlipopata hasara ya kweli na hamkujua. Nilijifunza kusema uongo. Kila nilipopokea mzigo mkubwa niliandika pungufu kidogo, mfuko hapa, katoni mbili pale, nikajiwekea akiba isiyojulikana nyuma ya rafu, ili nikipungukiwa kwingine nijazie. Karibu kila karani wa stoo niliyemfahamu alikuwa na yake. Wakaguzi walipokuja Desemba iliyofuata walikuta kila kitu sawa, mpaka mfuko wa mwisho. Tukasifiwa, nikapewa bahasha na mkono wa heri. Waheshimiwa, mwaka ule tuliosifiwa ndio kitabu chetu kilikuwa cha uongo kuliko miaka yote niliyofanya kazi.

Mkimwadhibu anayeleta tofauti, tofauti hazitaletwa tena. Zitabaki stooni, zimefichwa.

Tena si kila tofauti inatokana na mtu. Mali yenyewe ina tabia zake, hasa pwani hii yetu yenye unyevu, na sijui kwa nini jambo hili halijadiliwi kwenye mikutano yenu. Chukueni mafuta ya mawese yanayoshuka bandarini Kilindini kutoka Malaysia na Indonesia. Tangini lazima yapashwe moto ndipo yasukumike, na yakipata joto yanatanuka. Nyuzi 10 za Selsiasi zikiongezeka, ujazo huongezeka kwa takriban asilimia 0.7. Pimeni tangi la tani 100 alfajiri limepoa, mlipime tena jioni baada ya mvuke kufunguliwa. Kijiti cha kupimia kina kitawaonyesha nyongeza ya karibu kilo 700 ambayo hakuna aliyeileta. Kesho yake likipoa "zimeibiwa". Nilimwona mhasibu kijana, mwenye shahada, akigombana na fundi wa tangi kwa jambo hili wiki nzima. Dawa yake ni nafuu mno: kila mtu anayeandika kina cha tangi aandike na joto, kisha hesabu igeuzwe kuwa kilo.

Sabuni nayo hukauka. Mche unaotoka kwenye mashine leo una maji. Ukikaa ghalani wiki tatu unapungua uzito, mteja wa soko la Kongowea akiupima analalamika, nanyi mkijumlisha kilo zilizozalishwa na kilo zilizouzwa mnaona pengo. Kiwandani kwetu uzalishaji uliandikwa kwa kilo na mauzo yakaandikwa kwa katoni. Kila mwisho wa mwezi pengo lilikuwepo, na kila mwisho wa mwezi walinzi walibadilishwa. Maji yalikuwa yakitoka kwa njia ya hewa na askari wakifukuzwa kwa ajili yake.

Kipimo kimoja kitu kimoja. Karatasi ya kufungia inanunuliwa kwa kilo, inatolewa kwa roli, mashine inaitumia kwa vipande. Mtu asipokaa chini siku moja akapima roli moja inatoa vipande vingapi, kitabu hicho ni ramli.

Mizani ya malori sitaisema sana, mnaijua. Neno moja tu: lori likiingia na mzigo, dereva na utingo wamekaa ndani na tangi la dizeli limejaa, likipimwa tupu, wawili wako nje wanakunywa chai na dizeli imepungua. Watu wawili ni kama kilo 140, lita 300 za dizeli ni kilo 250 hivi. Zote mmezilipia kama malighafi.

Mtaniambia mnakubali makosa madogo, na kwamba usahihi wa asilimia 95 ni mzuri. Hata mimi niliwahi kuridhika nao. Lakini stoo hailishi kiwanda kitu kimoja kimoja. Mche wetu ulihitaji mafuta ya mawese, stearini, kostiki, chumvi, silikati, rangi, manukato, karatasi ya kufungia, katoni na gundi. Vitu kumi, na kimoja kikikosekana mstari unasimama. Kama rekodi ya kila kimoja ni sahihi mara 95 kati ya 100, andikeni 0.95 mara kumi mzizidishe zenyewe kwa zenyewe, mtapata karibu 0.60. Yaani kati ya oda kumi mnazopanga, nne zimepangwa juu ya rekodi yenye kosa mahali fulani. Fikisheni kila rekodi 99, hesabu ileile inatoa 0.90. Siku mkurugenzi wetu alipoonyeshwa hesabu hii ubaoni alinyamaza, kisha akauliza kwa nini hakuambiwa mapema. Hakuna aliyemjibu. Sote tulikuwa tunajua amekuwa akiuliza kitu kimoja tu kila asubuhi: jana zimetoka katoni ngapi?

Kwa ajili ya kuogopa mstari kusimama, mnanunua zaidi. Ghala linajaa, fedha za benki zinalala chini ya turubai, mabati yanashika kutu kwa hewa ya chumvi, saruji inageuka jiwe wakati wa kusi. Kisha bado gundi inakosekana, kwa sababu kitabu kilisema ipo.

Kuhusu kompyuta. Wengi wenu mmenunua programu za bei kubwa na mkadhani mmemaliza. Nilikuwepo zetu zilipowekwa. Wiki ya pili skrini ikasema stooni kuna chumvi mifuko hasi 14. Hakuna mwanadamu aliyewahi kuona mfuko hasi. Meneja akaagiza tarakimu ziwekwe sifuri, "zisituaibishe". Ilhali ile hasi ilikuwa inatwambia jambo la maana: chumvi imetumika kabla ya karatasi ya kuipokea kuingizwa, nendeni mkaitafute karatasi hiyo, iko kwenye meza ya mtu. Kuifuta ni sawa na kumziba mdomo mtoto anayesema nyumba inaungua. Tulipofuatilia baadaye tulikuta karatasi tisa za kupokelea zimelala ofisi ya ununuzi zikisubiri bei. Kompyuta huamini unachoiambia. Haina pua ya kunusa stoo.

Na kuhesabu kwa Desemba peke yake acheni. Kosa la Agosti kulikuta Desemba, na kulielewa Juni, ni kufufua maiti ili kumuuliza aliumwa nini. Hesabuni vichache kila siku. Vitu vya thamani kubwa au vinavyosimamisha mstari, kama manukato na kostiki, vifikiwe kila wiki. Misumari na fagio hata mara mbili kwa mwaka inatosha. Anayehesabu asipewe tarakimu ya kitabu, kwa maana akiiona mkono wake utaifuata. Asiwe yule yule anayetunza. Na wakati wa kuhesabu rafu, rafu hiyo ifungwe: hakuna kuingiza, hakuna kutoa, na lori lililoko getini liandikwe bayana kama liko ndani au nje. Nimeona mzigo mmoja ukihesabiwa mara mbili, ghalani asubuhi na juu ya lori jioni, na kiwanda kikasherehekea ziada.

Ikipatikana tofauti, msiisawazishe siku hiyohiyo. Hili naliomba kwa msisitizo. Karani hupewa amri "rekebisha kitabu kifanane na sakafu", anarekebisha, na chanzo kinabaki kikitoboa kama mchwa. Andikeni kwanza sababu: karatasi iliyochelewa, kipimo kilichochanganywa, iliyoharibika, iliyopokelewa pungufu, iliyoazimwa, isiyojulikana. Baada ya miezi mitatu mtaona sababu mbili au tatu ndizo zinazokula kila kitu. Kwetu ya kwanza ilikuwa mizigo ya simu, yaani ninyi.

Kuna na uongo mwingine unaotoka juu, wa kimyakimya. Tulikuwa na marobota ya karatasi za kufungia zenye nembo ya zamani, ambayo kiwanda kiliiacha. Hayakuwa na kazi tena, ila kuwashia moto. Miaka mitatu yalikaa kitabuni kwa bei ya kununuliwa, kwa sababu kuyaondoa kungepunguza faida mbele ya benki. Kanuni ya kimataifa ya uhasibu namba 2, ambayo wakuu wa fedha wanaijua kunishinda, inataka mali ya stoo ithaminiwe kwa gharama yake au kwa kile kitakachobaki ikishauzwa, chochote kilicho kidogo. Karani wa stoo hawezi kuyafuta marobota kwa sahihi yake. Anasubiri yenu.

Serikali nayo haichezi tena. Tangu 1 Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya kielektroniki ya eTIMS, mfumo wa KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, haikubaliwi kwenye hesabu ya kodi ya mapato, isipokuwa zilizosamehewa, na Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015 inataka rekodi zitunzwe miaka 5. Pakiti ya sigara haikai miaka 5. Mgeni wa KRA akiuliza kostiki iliyonunuliwa ilitoa miche mingapi na iliyobaki iko wapi, atakayeitwa ofisini si yule aliyepiga simu usiku. Ataitwa karani.

Ninachoomba basi. Wekeni kitabu kidogo getini, chenye namba za kurasa, cha kuandikia chochote kinachotoka nje ya saa za stoo: nini, kiasi gani, kwa amri ya nani, na mwenye amri atie sahihi kabla ya zamu inayofuata kuanza. Askari apewe ruhusa ya maandishi ya kukataa kufungua bila hivyo, hata kwa mwenye kiwanda, hata kwa mtoto wa mwenye kiwanda. Siku ya kwanza atakayokataa, msimfukuze. Mwongezeeni posho, mbele ya watu, na habari itafika Miritini kabla ya adhuhuri.

Karatasi ya mali iliyoharibika iwepo, na isiwe ya kumtisha mtu. Karani anayeripoti upungufu siku hiyohiyo asikatwe mpaka ijulikane gari gani, siku gani. Na wale wenye akiba nyuma ya rafu, wapeni wiki mbili za kuitoa na kuiandika bila kuulizwa ilitoka wapi. Mtashangaa. Naapa mtakuta mali mliyokwisha kuilipia mara mbili.

La mwisho ni lenu binafsi. Chagueni Jumatatu moja. Msije na msafara, msiwaarifu mameneja. Chagueni vitu vitano kwenye orodha, mvue koti, mhesabu kwa mikono yenu, vumbi na yote, kisha ndipo mfungue kitabu. Stoo nyingi hufunguliwa saa moja asubuhi. Mtamkuta karani mlangoni na funguo zake, na huenda akashtuka akidhani mmekuja kumfukuza. Mpeni salamu kwanza.

Wenu katika kazi,

Karani wa stoo mstaafu
Mikindani, Mombasa